Kemikali ya Maabara si Dawa: Mwongozo kwa Wananchi kuhusu Vizuizi vya Ishara za Seli katika Saratani

Utangulizi

Kichupa chenye miligramu 5 za unga mweupe, kikiwa na lebo iliyoandikwa LY294002, huweza kuagizwa kwa njia ya intaneti kutoka kwa kampuni zinazouza kemikali za maabara. Maelezo yanayoambatana nacho husema, kwa lugha ya kitaalamu, kwamba kemikali iliyomo huzuia kimeng'enya kinachozisaidia seli za saratani kukua na kuepuka kifo. Maelezo hayo ni ya kweli. Hata hivyo, kwenye lebo hiyohiyo kuna onyo kwamba bidhaa ni kwa ajili ya utafiti pekee na haifai kutumiwa na binadamu. Onyo hilo nalo ni la kweli.

Mtu ambaye mama yake au mwenzi wake amegundulika kuwa na saratani anaposoma maneno hayo, ni rahisi kuyaamini maelezo na kulipuuza onyo. Huweza kudhani kwamba onyo ni utaratibu wa kiofisi tu, au kwamba dawa nzuri inacheleweshwa ilhali mgonjwa wake anadhoofika. Makala haya yameandaliwa kwa ajili ya mtu huyo. Yanaeleza vizuizi vya ishara za seli ni nini, kwa nini baadhi yake vimekuwa dawa na vingine vimebaki maabara, na mwananchi afanye nini anaposhawishiwa kununua kemikali ambayo haijasajiliwa.

Ishara za seli ni nini?

Mwili wa binadamu una matrilioni ya seli, wala hakuna seli inayopaswa kujiamulia peke yake lini igawanyike, lini itulie na lini ife. Seli hupokea ujumbe kutoka nje, kwa mfano kutoka kwa homoni ya insulini au kutoka kwa protini zinazochochea ukuaji. Kwa kawaida ujumbe wa aina hiyo hauingii ndani ya seli moja kwa moja. Hupokewa na protini iliyopachikwa kwenye utando wa seli, iitwayo kipokezi. Kipokezi huamsha protini iliyo ndani, nayo huamsha nyingine, hadi taarifa ifike kwenye kiini cha seli ambako jeni huwashwa au huzimwa. Mfano wake ni tangazo litokalo wilayani likapita kwa mtendaji wa kata, kisha kwa mtendaji wa kijiji, kisha kwa mwenyekiti wa kitongoji, ndipo likafika kwenye kaya.

Vimeng'enya vingi vinavyoipitisha taarifa hiyo huitwa kinasi. Kinasi huchukua kipande cha fosfeti kutoka kwenye ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, na kukibandika kwenye molekuli nyingine. Kubandikwa huko ndiko kunakoiamsha au kuituliza molekuli iliyobandikwa. Binadamu ana kinasi zaidi ya 500, na kila moja ina sehemu yake ya kazi.

Mojawapo ya vimeng'enya hivyo ni PI3K. Kazi yake ni kubandika fosfeti kwenye mafuta maalumu yaliyo katika utando wa seli. Mafuta yaliyobandikwa huiita protini nyingine, Akt, ambayo huiagiza seli ikue, itumie sukari na isijiue. Kimeng'enya kingine, PTEN, huiondoa fosfeti hiyo ili agizo likome. Katika seli yenye afya vimeng'enya hivi viwili huwekana sawa.

Katika saratani nyingi ulinganifu huo huvurugika. Jeni inayotengeneza sehemu ya PI3K huwa imebadilika, au jeni ya PTEN huwa imepotea, na seli huendelea kupokea agizo la kukua ingawa hakuna aliyelituma. Mabadiliko katika jeni ya PI3K hupatikana katika takribani asilimia 40 ya saratani za matiti zenye vipokezi vya homoni na zisizo na wingi wa protini ya HER2.

Kizuizi cha ishara ni kemikali inayokaa kwenye kimeng'enya na kukinyima nafasi ya kufanya kazi. Vizuizi vingi vya kinasi hujipachika mahali ambapo ATP ingekaa. Huitwa molekuli ndogo kwa sababu vina udogo wa kutosha kupenya ndani ya seli, na vingi vyake huweza kutengenezwa kama vidonge. Hapo ndipo vinapotofautiana na dawa za kingamwili, ambazo ni protini kubwa zinazotolewa kwa dripu au sindano.

LY294002: kemikali iliyofundisha mengi bila kuwa dawa

LY294002 ilitangazwa mwaka 1994 na watafiti wa kampuni ya Eli Lilly, Indianapolis, Marekani. Walianza na kwersetini, kemikali ya asili iliyomo katika vitunguu, matufaha na mimea mingine mingi, ambayo huzuia kinasi mbalimbali kwa kiwango hafifu. Waliibadilisha muundo hadi wakapata molekuli inayozuia PI3K vizuri zaidi bila kugusa baadhi ya kinasi nyingine walizozipima.

Kabla yake, watafiti walikuwa wakitumia wortmannini, kemikali itokayo kwenye kuvu. Wortmannini ina nguvu kubwa, lakini hujigandisha kwenye kimeng'enya moja kwa moja na huharibika upesi ikiwa katika maji. LY294002 ilidumu zaidi, na athari yake iliweza kuondolewa kwa kuisafisha kutoka kwenye seli. Kwa hiyo ilienea katika maabara za dunia nzima. Mtafiti aliyetaka kujua kama PI3K inahusika na jambo fulani aliiweka kemikali hiyo kwenye seli na kuangalia kama jambo lile lingekoma. Mengi tunayoyajua leo kuhusu njia ya PI3K yalitokana na majaribio ya namna hiyo.

Kadiri miaka ilivyopita, upungufu wake ulidhihirika. Iligundulika kwamba LY294002 huzuia pia mTOR, kinasi inayosimamia utengenezaji wa protini. DNA-PK, inayosaidia kukarabati DNA iliyokatika. Na CK2, yenye kazi nyingi ndani ya seli. Baadaye ilionekana kwamba hushika hata protini zisizo kinasi kabisa, zile za kundi la BET zinazosaidia kusoma jeni. Zaidi ya hayo, haiyeyuki vizuri katika maji, na haidumu mwilini kwa muda wa kutosha.

Kwa mtafiti, upungufu huo una tiba: hurudia jaribio kwa kizuizi kingine na kulinganisha matokeo. Kwa mgonjwa aliyekwisha kuimeza kemikali hiyo, hakuna jaribio la kurudia. Ndiyo maana LY294002, pamoja na umaarufu wake wote, haijawahi kusajiliwa kuwa dawa ya binadamu. Imebaki kuwa kifaa cha kujifunzia.

Kwa nini matokeo ya maabara hayatoshi?

Mwananchi anayesikia kwamba kemikali fulani imeua seli za saratani anastahili kujua mambo manne ambayo taarifa hiyo haimwelezi.

Kwanza ni kipimo. Katika sahani ya maabara mtafiti huweka kiasi anachokitaka, na seli hukaa ndani ya kemikali kwa saa au siku kadhaa. Mwilini, kemikali iliyomezwa hupita tumboni, kwenye utumbo na kwenye ini kabla ya kuifikia saratani. Nyingine huharibiwa njiani, nyingine hutolewa na figo, na nyingine hurundikana mahali pasipotakiwa. Kiasi kinachoua seli kwenye sahani huenda kisifikiwe mwilini, au kikifikiwa kimdhuru mgonjwa kwanza. Kwa kemikali ambayo haijapita majaribio kwa binadamu, hakuna daktari wala mfamasia anayeweza kusema dozi salama ni ipi.

Pili ni viungo vingine. Sahani ina seli za saratani peke yake. Haina moyo, ini, uboho wala kongosho. Njia za ishara zinazotumiwa na saratani hutumiwa pia na seli zenye afya. Kuzuia ishara kwenye saratani ni kuizuia pia, kwa kiasi fulani, kila mahali kwingine ambako dawa inafika.

Tatu ni aina ya saratani. Saratani ni jina la magonjwa mengi. Kizuizi cha PI3K hakitegemewi kufanya kazi kwa saratani isiyoitegemea njia hiyo, na wagonjwa wawili wenye saratani ya matiti huweza kuwa na mabadiliko tofauti ya jeni. Ndiyo sababu baadhi ya dawa za kundi hili hutolewa tu baada ya kipimo cha jeni za saratani yenyewe.

Nne ni ubora. Kemikali ya maabara inapotangazwa kuwa safi kwa asilimia 98, maana yake ni kwamba asilimia 2 ni kitu kingine. Katika jaribio la seli jambo hilo huenda lisidhuru. Kwa dawa, mtengenezaji hulazimika kueleza kila uchafu unaojulikana, kuweka ukomo wake, na kuthibitisha kwamba kila toleo linalotoka kiwandani linafanana na lililotangulia. Kemikali ya utafiti haitengenezwi wala kukaguliwa kwa masharti hayo, na haina uhakika wa kutokuwa na vijidudu. Mtu anayejidunga kemikali hiyo anajiweka katika hatari ya maambukizi hata kabla ya sumu yenyewe kuanza kufanya kazi.

Vizuizi vilivyokuwa dawa

Isidhaniwe kwamba Mamlaka inakataa sayansi hii. Vizuizi vya ishara ni miongoni mwa maendeleo makubwa katika tiba ya saratani. Mifano mitatu inaonesha jinsi vinavyofika kwa mgonjwa.

Mfano wa kwanza ni imatinibu, dawa ya saratani ya damu aina ya CML. Mwaka 1960 watafiti wawili wa Philadelphia, Peter Nowell na David Hungerford, waliona kromosomu fupi isiyo ya kawaida katika seli za wagonjwa wa CML. Mwaka 1973 Janet Rowley wa Chicago alionesha kwamba kromosomu hiyo hutokana na vipande vya kromosomu mbili, ya 9 na ya 22, kubadilishana mahali. Baadaye ikafahamika kwamba mabadilishano hayo huzaa kinasi isiyozimika, BCR-ABL. Kizuizi chake kilianza kujaribiwa kwa wagonjwa mwaka 1998, kikasajiliwa Marekani mwezi Mei 2001. Katika utafiti uliowafuatilia wagonjwa walioanza tiba kwa imatinibu, asilimia 89 walikuwa hai baada ya miaka 5. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa hiyo katika Orodha ya Dawa Muhimu. Ugonjwa uliokuwa ukiua wengi ndani ya miaka michache umekuwa, kwa wagonjwa wengi, ugonjwa wa kuishi nao kwa kumeza dawa kila siku.

Mfano wa pili ni alpelisibu, inayozuia PI3K ileile iliyofanyiwa utafiti kwa LY294002, ila kwa kuilenga aina moja tu ya kimeng'enya hicho. Ilisajiliwa Marekani mwaka 2019, miaka 25 baada ya LY294002 kutangazwa. Utafiti mkuu uliotumika kuisajili ulihusisha wagonjwa 572. Kwa wale ambao saratani yao ya matiti ilikuwa na mabadiliko katika jeni ya PI3K, ugonjwa ulitulia kwa wastani wa kati wa miezi 11.0 kwa waliopewa alpelisibu pamoja na tiba ya homoni, ukilinganisha na miezi 5.7 kwa waliopewa tiba ya homoni pekee. Utafiti huohuo ulionesha kwamba zaidi ya nusu ya waliotumia dawa hiyo walipanda sukari ya damu, na kwa zaidi ya theluthi moja sukari ilipanda vibaya. Sababu inaeleweka: insulini hutumia njia ya PI3K kuziagiza seli zipokee sukari. Kwa kuwa hatari hiyo inajulikana, daktari hupima sukari kabla ya kuanza tiba na huendelea kuipima. Mtu anayemeza kizuizi cha PI3K kutoka kwenye kichupa cha maabara hana anayempima.

Mfano wa tatu ni idelalisibu, inayozuia aina ya PI3K inayopatikana zaidi katika chembe nyeupe za damu. Ilisajiliwa Marekani mwaka 2014 kwa baadhi ya saratani za damu na tezi, ikiwa na maonyo mazito kuhusu kuharibika kwa ini, kuhara kukali, kuvimba kwa mapafu na kutoboka kwa utumbo. Mwezi Machi 2016 majaribio kadhaa ya kuitumia pamoja na dawa nyingine yalisimamishwa baada ya kuonekana kwamba vifo viliongezeka miongoni mwa walioitumia, vingi vikitokana na maambukizi. Mwaka 2022 mtengenezaji aliyaondoa matumizi yake mawili kati ya yaliyokuwa yameidhinishwa nchini humo. Hii ni dawa iliyokwisha kupita hatua zote za majaribio, chini ya uangalizi wa madaktari, na bado madhara yake yalihitaji ufuatiliaji wa karibu. Kemikali isiyopita hatua yoyote haiwezi kuwa salama kuliko hiyo.

Funzo la mwaka 2007

Hatari tunayoieleza imekwisha kutokea. Mapema mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walichapisha matokeo kuhusu kemikali iitwayo dikloroasetati, kwa kifupi DCA. Si kizuizi cha PI3K, lakini ni molekuli ndogo inayozuia kinasi inayodhibiti namna seli inavyounguza sukari. Iliwapunguzia uvimbe panya waliokuwa na saratani. Vyombo vya habari vilitangaza kwamba dawa ya bei nafuu imepatikana. Wagonjwa hawakusubiri majaribio: mfanyabiashara mmoja nchini Marekani alianza kuwauzia DCA kupitia tovuti, na mwezi Julai mwaka huohuo mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo, FDA, ilimtaka aache.

Wakati hayo yanatokea, madhara ya DCA kwa mishipa ya fahamu yalikuwa yamekwisha kujulikana. Mwaka 2006 kulichapishwa matokeo ya jaribio la kemikali hiyo kwa wagonjwa wa maradhi mengine, ambalo lilisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu ya kudhurika kwa mishipa hiyo. Taarifa ya panya ilienea duniani kwa siku chache. Taarifa ya madhara ilibaki katika majarida ya kitaalamu. DCA haijasajiliwa kuwa dawa ya saratani hadi sasa.

Namna ya kuitambua kemikali ya utafiti

Kwa mujibu wa Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura ya 219, dawa haipaswi kuuzwa nchini kabla ya kusajiliwa. Kabla ya kununua bidhaa yoyote inayodaiwa kutibu saratani, mwananchi anashauriwa kuangalia mambo yafuatayo:

1. Maneno ya lebo. Bidhaa yenye maneno "Research Use Only" au "Not for Human Use" si dawa. Muuzaji anayekuambia uyapuuze maneno hayo anakuomba ubebe hatari ambayo mtengenezaji mwenyewe ameikataa.

2. Jina la bidhaa. Kemikali nyingi za utafiti hutambulishwa kwa herufi na tarakimu, kama LY294002. Dawa iliyosajiliwa huwa na jina la kitaalamu linalotambulika na mfamasia yeyote.

3. Karatasi ya maelezo. Dawa huja na maelezo ya dozi, madhara, watu wasiopaswa kuitumia na namna ya kuitunza. Kemikali ya utafiti huja na maelezo ya kiyeyushi na usafi wa kemikali. Kama karatasi haitaji dozi ya mgonjwa, ni kwa sababu dozi hiyo haipo.

4. Namba ya usajili, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Usajili huweza kuthibitishwa katika orodha ya dawa zilizosajiliwa iliyo kwenye tovuti ya Mamlaka, au kwa kumwomba mfamasia akusaidie.

5. Mahali pa kununulia. Dawa za saratani hutolewa kwa cheti cha daktari, katika hospitali au famasi yenye kibali. Hazinunuliwi kwa makubaliano ya simu na mtu usiyemjua.

Kwa wagonjwa wanaotumia vizuizi vilivyosajiliwa

Mgonjwa aliyeandikiwa imatinibu au dawa nyingine ya kundi hili naye ana wajibu wake. Vizuizi vingi vya kinasi huvunjwavunjwa kwenye ini na kimeng'enya kiitwacho CYP3A4, ambacho huvunja pia dawa nyingine nyingi. Rifampisini, inayotumika kutibu kifua kikuu, huharakisha uvunjaji huo na huweza kuifanya dawa ya saratani ipungue nguvu. Baadhi ya dawa za kuvu, kama ketokonazoli, na baadhi ya ARV, kama ritonaviri, huuchelewesha, na dawa ikaweza kuzidi kipimo. Tunda la balungi nalo huuchelewesha.

Kwa hiyo mweleze daktari dawa zote unazotumia, zikiwamo za kifua kikuu, ARV, za asili na virutubisho. Usiache wala kupunguza dozi kwa sababu unajisikia nafuu. Katika CML, kukosa dozi mara kwa mara huipa saratani nafasi ya kurudi. Usimgawie mwenzako vidonge vyako hata kama ugonjwa wenu una jina moja. Ukipata homa, kuhara kusikokoma, macho ya njano, kupumua kwa shida au kiu na kukojoa kupita kawaida, nenda hospitali siku hiyohiyo. Madhara yoyote unayoyapata yatolewe taarifa kwa mtoa huduma wako wa afya au katika ofisi ya Mamlaka iliyo karibu. Taarifa za idelalisibu zilizoelezwa hapo juu zisingejulikana kama madhara hayangeripotiwa.

Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kama LY294002 ilitokana na kwersetini, je, kula vitunguu kunatibu saratani?

Hapana. Vitunguu ni chakula kizuri, lakini kwersetini iliyomo ni kizuizi hafifu, na kiasi kinachoingia kwenye damu baada ya kula ni kidogo. Watafiti waliibadilisha kemikali hiyo kwa sababu haikutosha kama ilivyo. Vidonge vya kwersetini vinavyouzwa kama virutubisho havijasajiliwa kuwa tiba ya saratani.

Mgonjwa wetu ameambiwa tiba zilizopo zimeshindwa. Tunapoteza nini tukijaribu?

Swali hili hutoka kwa watu wenye uchungu, na linastahili jibu la wazi. Mgonjwa ambaye tiba imeshindwa bado ana vitu vya kupoteza: siku asizo na maumivu makali, ini na figo zinazofanya kazi, fedha za familia, na nafasi ya kupokelewa katika jaribio halali, kwa maana viungo vilivyoharibika huweza kumwondoa katika orodha ya wanaokubalika. Bado ana haki ya huduma shufaa, ambayo kazi yake ni kupunguza maumivu na kumpa nafuu. Mwombeni daktari awaeleze huduma hiyo pamoja na majaribio yaliyopo, ikiwa yapo.

Tutajuaje kwamba jaribio la kitabibu ni halali?

Jaribio halali limepata kibali cha maadili na kibali cha Mamlaka kabla ya kuanza. Mgonjwa hupewa maelezo kwa lugha anayoielewa, huachwa aulize, na hutia saini kwa hiari yake. Huweza kujitoa wakati wowote bila kunyimwa huduma ya kawaida. Hauziwi dawa ya majaribio. Anayekudai fedha ili akuingize katika utafiti wa dawa ya saratani, mtolee taarifa.

Tumekwisha kununua na mgonjwa ameanza kutumia. Tufanye nini?

Acheni kuitumia, kisha mpelekeni mgonjwa hospitali pamoja na kichupa na vifungashio vyake. Mwelezeni daktari ukweli wote: jina lililo kwenye lebo, kiasi alichotumia na tarehe alizokitumia. Daktari hawezi kukisia kemikali asiyoijua. Msiimwage chooni wala kumpa mtu mwingine. Ikabidhiwe kwa mfamasia wa hospitali au kwa Mamlaka.

Hitimisho

Kati ya kichupa cha LY294002 na kidonge cha alpelisibu kuna miaka 25 ya kazi. Ndani ya miaka hiyo kemikali nyingi zilijaribiwa zikaachwa, wagonjwa walijitolea, madhara yalihesabiwa na dozi zikatafutwa. Namba ya usajili iliyochapwa kwenye boksi la dawa ni ushahidi kwamba kazi hiyo imefanyika na kwamba kuna anayewajibika ikiwa kuna kosa. Kabla hujatoa fedha kwa bidhaa yoyote ya saratani, itafute namba hiyo. Usipoiona, mwulize mfamasia, daktari wako au Mamlaka kabla mgonjwa hajaitumia.